Hesabu ya Tanotano

Gerezani, 4 Aprili

Baba, shikamoo.

Natumaini barua hii inawakuta wazima, wewe na Mama. Mguu wake unaendeleaje? Mwambie ile dawa ya kuchua asiimalize kwa siku moja kama alivyofanya mwezi uliopita. Na wewe nasikia umeanza kupanda juu ya paa mwenyewe kuziba matundu. Baba, mafundi wapo, na wewe ni mstaafu, si nyani.

Mimi sijambo kabisa. Nakuandikia kwa sababu simu zetu zote tumeziacha getini, na hata ningekuwa nayo, kuongea na wewe kwenye simu ni kuutangazia mtaa mzima. Tangu ugonjwa uingie mjini, Mkuu wa gereza ameamua sisi wa zahanati tusitoke. Tunalala humu humu, kwenye bweni la zamani la makuruta. Ndugu wa wafungwa hawaji tena, mawakili hawaji, mahakama zimefungwa. Gari la mikate tu ndilo linaloingia, na dereva wake ndiye tarishi wetu. Barua ikifika getini inawekwa sandukuni siku kadhaa kabla mtu hajaishika, kwa hiyo ukiona kimya usimtie Mama wasiwasi.

Kazi ni nyingi lakini inakwenda. Nimeweka pipa la maji lenye bomba kwenye mlango wa kila bweni, na mimi mwenyewe natembea na kipande cha sabuni mfukoni. Wafungwa wameshanipa jina, Dada Sabuni. Nyapara wa bweni la pili, yule mfungwa mzee mrefu aliyemo humu tangu enzi zako, akiniona tu natokeza anatangaza, "Viganja juu, anakuja mwenyewe," na wanaume wazima na ndevu zao wananyoosha mikono niikague. Nacheka, lakini moyoni najisikia.

Sasa Baba, lililonikalisha chini kuandika ni hesabu. Unaijua vizuri kuliko mimi. Asubuhi na jioni wanatolewa uwanjani mabweni yote kwa pamoja, wanachuchumaa watano watano, kila mmoja ameshika mabega ya aliye mbele yake, magoti yanagusa mgongo, mpaka askari apite, na wa pili aje kuhakikisha. Gereza zima linapumuliana visogoni. Mchana kutwa mimi nawatenganisha, ikifika jioni hesabu inawarundika tena. Nilimwomba Mkuu aibadilishe. Akaniambia, "Dada, hesabu hii aliiweka baba yako. Mimi ni nani niiguse?"

Alikuwa kuruta wako na bado anakuogopa. Neno lako moja linamtosha. Nakuomba umwandikie.

Msalimie sana Mama.

Mwanao.


Nyumbani, 23 Aprili

Mwanangu, marahaba.

Barua yako imefika. Mama yako ameisoma kwanza, kama kawaida yake, ndipo na mimi nikapewa ruhusa. Mguu wake ni nafuu. Dawa ameimaliza.

Habari ya paa: fundi alikuja, akapanda, akatazama, akashuka, akaomba chai. Kwa hiyo nimemaliza mwenyewe. Sebuleni hapavuji tena. Chumbani panavuja kidogo, lakini upande wa mama yako, na yeye hajalalamika sana.

Ametushonea barakoa kwa kitambaa kilichobaki cha mapazia. Nikienda dukani nafanana na dirisha letu. Muuza duka alinisalimia akauliza kama kuna mtu ndani.

Nimemwambia kinyozi, na nimewaambia wote waliokuwa wamekaa nje pale kwake, kwamba binti yangu amekubali kufungiwa ndani na wagonjwa wake. Sikujisifu, nilieleza tu. Najua wapo wenzako waliougua ghafla siku ile ile mlipoambiwa msitoke. Hata wakati wetu walikuwepo, ikitajwa doria ya mvua mtu anashikwa na mgongo. Wewe hukukimbia. Hilo nimelieleza mara kadhaa, mpaka kinyozi akaniomba nitulize kichwa asije akanikata.

Kula vizuri. Usikae na viatu vilivyolowa. Huyo Mkuu wako asikutishe, ni mtu mwema ila ana woga wa wakubwa. Ukurutani alikuwa akipita ofisini kwangu anaupigia saluti mlango, hata nikiwa sipo.

Mvua zimepungua. Kuku wanataga.

Baba yako.


Gerezani, 10 Mei

Baba, shikamoo.

Nimefurahi mguu wa Mama ni nafuu, na hizo barakoa za mapazia nimewasimulia wagonjwa wakacheka mpaka wakakohoa, nikajuta. Barua yako nimeisoma yote, nikaigeuza nyuma nitazame kama kuna maneno huko. Kuku nimewaona, paa nimeliona. Hesabu sikuiona. Nikasema labda ukurasa mmoja ulidondoka kwenye gari la mikate.

Ugonjwa umeingia humu. Wa kwanza ni mahabusu mmoja, kazi yake fundi saa, kesi yake haijasikilizwa hata siku moja. Nilimkuta usingizini amejifunga blanketi mdomoni ili akikohoa asisikike. Unajua kwa nini? Aliyekuwa akikohoa alikuwa anapelekwa chumba cha adhabu, kile kisicho na dirisha, eti ndiyo karantini. Basi wote wakawa wanameza vikohozi vyao na kuendelea kulala ubavu kwa ubavu.

Nilikwenda kwa Mkuu, na Baba, sikwenda kwa upole. Nilimwambia hakimu akimpa mtu kifungo hampi na homa, na huyu fundi hata kifungo hajapewa. Nikamwambia kuugua si kosa, hakuna sheria inayomwadhibu mtu kwa kukohoa, na mgonjwa wangu nitamtibu kwenye mwanga, penye hewa, na barua za kwao atazipata. Akasema hana chumba kingine. Nikamwonyesha karakana ya useremala, iko tupu tangu kazi zisimame. Akasema mbao zitaibwa. Nikamwambia basi nitalala nazo mwenyewe.

Na kweli nalala nazo. Meza za kurandia zimekuwa vitanda, madirisha yote wazi, asubuhi jua linaingia mpaka miguuni. Kila mtu ana kikombe chake. Nyapara analeta chakula mpaka mlangoni na anasoma barua kwa sauti kwa wasiojua kusoma, akifika penye mambo ya mke na mume anajifanya miwani imemsumbua. Sasa watu wanakuja wenyewe kwa miguu yao kusema wanaumwa, bila kukamatwa. Nikikaa nikitazama chumba kile naringa, Baba, acha niseme ukweli.

Lakini sikiliza. Fundi saa alichuchumaa kwenye hesabu zako na homa yake, amemshika mwenzake mabegani. Wale watano wa mstari wake, wanne wako kwangu karakana, na wa tano ameanza kupata joto. Ingekuwa mgonjwa mmoja. Sasa ni mstari mzima.

Fundi saa hali yake si nzuri. Nakuuliza sasa waziwazi, na naomba jibu: utamwambia Mkuu aache kuwashikanisha, au hutamwambia?

Mwanao.


Nyumbani, 27 Mei

Mwanangu, marahaba.

Sisi wazima. Kuku mmoja ameliwa na kicheche.

Umeuliza waziwazi, nakujibu waziwazi. Wewe ulikuwa bado hujazaliwa nilipopelekwa gereza lile. Watu walikuwa wanatoroka pale kama wanaotoka sokoni. Askari walihesabu kwa macho, mfungwa mmoja anahesabiwa mbele, anainama, anahesabiwa tena nyuma, na mwenzake yuko juu ya ukuta. Kila akitoroka mmoja, askari mmoja anafukuzwa kazi na waliobaki ndani wanapigwa mpaka waseme wasilolijua. Nilikataa kupiga watu kwa sababu ya hesabu mbovu. Nikaweka watano watano, washikane, asiweze mtu kuinama wala kuhama. Tangu siku ile hakutoroka mtu, na hakupigwa mtu. Wakubwa walitoka makao makuu kuja kutazama. Magereza mengine yakaiga. Wakaniita Afande Tanotano, na jina hilo nalivaa mpaka leo, kinyozi ananiita hivyo.

Cheti kiko sebuleni, umekua ukikiona. Ndicho kitu pekee nilichokifanya duniani ambacho watu wengine wanakitumia. Hesabu yangu haijamuua mtu. Usiniletee tena jambo hili.

Mama yako anasema niandike kwamba tunakupenda. Nimeandika.

Baba yako.

Mwanangu, mimi mama yako naongezea hapa chini. Barua hii baba yako ameiandika mara tatu. Zile mbili za kwanza amezichana, na hakunipa nisome.


Gerezani, 13 Juni

Baba, shikamoo.

Usishtuke kuona mwandiko si wangu. Nimeumia kidole, kwa hiyo natamka na nyapara wa bweni la pili ananiandikia. Yeye amekaa nje ya dirisha la karakana, mimi niko ndani. Hatukaribiani.

Mimi mzima. Mwambie Mama asijali.

Fundi saa amefariki. Mkewe hakuruhusiwa kuja. Nilimwandikia mimi, kabla ya kidole, nikamweleza kwamba mumewe hakufa peke yake, na kwamba mpaka mwisho aliitwa kwa jina lake. Alikuwa na haki ya kujua hayo.

Habari ya hesabu sitakuuliza tena. Umesema nisikuletee, na mimi ni mwanao, nimesikia.

Naishia hapa, nyapara anasema kalamu inakwisha wino.

Mwanao.

Afande, mimi mwandishi nimeambiwa nisiongeze neno langu, na sitaongeza. Kalamu ina wino wa kutosha.


Nyumbani, 29 Juni

Mwanangu, marahaba.

Kidole gani hicho kinachomlaza mtu karakana? Mimi nimekuwa askari maisha yangu yote, usinifanye raia.

Mama yako alisoma barua yako, akaiweka mezani. Akaenda kupiga pasi sare yangu. Suruali imekataa kufunga, tumbo hili halikuwepo wakati ule, kwa hiyo nilivaa shati la sare na kofia, chini nikavaa suruali ya kanisani. Dereva wa mikate alinipa nafasi mbele. Njia nzima nilinuka mkate wa moto.

Mkuu alitoka mpaka nje ya geti. Alipiga saluti kabla sijashuka. Tulisimama mbalimbali, na barakoa zetu, tukipiga kelele kama watu wa ng'ambo mbili za mto. Nikamuuliza mstari wa fundi saa uko wapi. Akaniambia wote watano walilala, mmoja amefariki. Nikamuuliza na mistari ya nyuma yake. Akasema na huko wapo waliolala.

Nilikwenda kukaa kwenye lile benchi la wageni. Sikuwahi kulikalia hata siku moja kwa miaka yote niliyofanya kazi pale, ni gumu sana. Nikafikiri. Hesabu ile niliiweka ili watu niliowapata asubuhi niwapate wote jioni. Hiyo ndiyo ilikuwa nia yake, haikuwa na nyingine. Sasa inanipunguzia watu. Hesabu inayopoteza watu haina kazi, hata kama imeletewa cheti.

Nikamwita Mkuu nikamwambia, "Niliifunga mimi, naifungua mimi. Kuanzia leo hakuna kuchuchumaa na hakuna kushikana." Na nikamwambia vilevile kwamba sikukosea kuiweka. Ilifanya kazi yake. Wakati ule adui alikuwa ukuta, sasa yuko kwenye pumzi. Ukimsikia mtu anasema Tanotano alikosea, mkatalie kwa niaba yangu.

Akaniuliza tutahesabuje. Nikamwambia kila mfungwa apigiwe alama ya chokaa chini, umbali wa mikono miwili iliyonyooshwa, bweni moja moja, si wote kwa mpigo. Askari asimguse mtu. Aite jina, mwenye jina ajibu mwenyewe. Hapo hakuna wa kuinama wala wa kuhesabiwa mara mbili. Mkuu akasema, "Afande, kwa majina itachukua muda mrefu." Nikamwambia hawana pa kwenda.

Akacheka, kisha akaona aibu kwamba amecheka. Nikawapanga askari wa zamu pale pale kwenye majani nje ya geti, wakawa ndio wafungwa, tukafanya mazoezi mpaka jasho likaniingia kwenye kofia. Kupiga kelele ndani ya pazia la mama yako ni kazi. Nusu ya amri zangu hazikusikika. Lakini wameshika.

Usidhani nilikwenda kwa sababu unaumwa. Nilikwenda kwa sababu ulisema kweli. Kama ningekwenda kwa sababu unaumwa, ningekwenda kukuchukua nyumbani, na jambo hilo nililifikiria pia, kwenye gari, karibu njia nzima.

Hawakuniruhusu kuingia kukuona, na walifanya sawa. Nilisimama getini nikatazama paa la karakana. Bati la upande wa kushoto limeinuka, mwambie Mkuu alipigilie misumari kabla ya mvua.

Wakati naondoka, askari mmoja aliyechelewa kuingia zamu, hanijui, aliniuliza mimi ni nani napanga watu pale. Miaka yote nimejibu swali hilo kwa cheo. Nikamwambia mimi ni baba yake Dada Sabuni. Akakaza mwili, akanipigia saluti ambayo hata Mkuu hajawahi kunipigia. Nimerudi nayo nyumbani, nimempa mama yako nusu.

Najivunia wewe. Sijui kwa nini nimechelewa kuliandika, ni neno fupi tu.

Pona. Hiyo ni amri.

Baba yako.


Gerezani, 18 Julai

Baba, shikamoo. Mama, shikamoo, najua wewe ndiye unayesoma kwanza.

Mwandiko ni wangu, mtaona wenyewe. Kidole kimepona. Kilipata homa kali na kikohozi, na usiku mwingine kilishindwa kuvuta pumzi vizuri, lakini kimepona. Waliokuwa wananiuguza ni wagonjwa wangu wenyewe. Mmoja ni jambazi, ana kifungo kirefu kuliko umri wangu, na alikuwa ananigombeza nisipomaliza maji.

Bati limepigiliwa. Mkuu alisimamia mwenyewe, hakutaka kusikia limeruka kisha akuone tena getini.

Baba, siku uliyokuja nilikusikia. Maneno sikuyapata, ila sauti niliijua. Nilikuwa nimelala, nikamwambia jambazi wangu, yule anayefoka nje ni baba yangu. Akasema hata yeye anamkumbuka.

Wagonjwa wapya wamepungua sana. Karakana ina vitanda vitupu, kwa mara ya kwanza. Mkuu amekubali mahabusu wa makosa madogo waandikiwe maombi ya dhamana, na nyapara ndiye anayewaandikia, amepata heshima mpya na kalamu mpya. Anasema ile ya kwanza sasa kweli imekwisha wino.

Nikueleze hesabu ya kwanza, kwa sababu hukuiona na ilikuwa haki yako uione. Nilikuwa dirishani, bado naegemea ukuta. Walitoka bweni la kwanza, wakatafuta alama zao, wengine walichuchumaa kwa mazoea, wakaambiwa wasimame. Hawakujua waweke wapi mikono. Miaka yote mikono yao ilikuwa kwenye mabega ya mtu. Askari akaanza kuita, majina mengine akiyavunjavunja, wenyewe wakimrekebisha, na yeye anaomba radhi. Sijawahi kusikia askari anaomba radhi uwanjani. Kila mmoja alijibu, "Nipo."

Likafuata bweni la pili. Likaitwa jina moja, jina la mtu na la baba yake, na hakuna aliyejibu. Likaitwa tena. Askari akaweka mkono kwenye filimbi, na mimi nikasema moyoni, leo leo, siku ya kwanza, mtu ametoroka kwenye hesabu ya baba yangu.

Kumbe ni nyapara. Amesimama kwenye alama yake, mrefu kuliko wote, anatazama mbele. Jina hilo halikuitwa humu tangu alipoingia. Alikuwa mtu wa mstari fulani, kisha akawa nyapara, basi. Wenzake wakageuka kumtazama. Akavua kofia, akasema polepole, "Nipo." Halafu akasema, "Afande, naomba uniite tena."

Askari akamtazama Mkuu. Mkuu akaitikia kwa kichwa.

Akaitwa tena. Safari hii sauti yake ilinifikia mpaka dirishani, na ilivuka hapo, nadhani hata getini waliisikia. Bweni la tatu likatoka, la nne likatoka, askari akafika mwisho, akampelekea Mkuu jibu. Hesabu ilitimia, Baba. Hakupungua mtu.

Mwanao.